Kipime Kitabu kwa Siku Mbaya

Wanachuo wenzangu, ukipita hosteli wiki mbili kabla ya mitihani utaona maandishi ya aina mbili yanayohama kutoka kitanda hadi kitanda. Ya kwanza ni vitini vya masomo. Ya pili ni vitabu vya Kikristo vya kutia moyo, vile vyembamba vinavyouzwa nje ya kanisa baada ya ibada, au vinavyotumwa kwa simu mpaka hakuna anayekumbuka nani alianza kuvituma. Sapu inanukia, bumu halijaingia, nyumbani wanasubiri habari njema. Mtu anatafuta neno la kumshika mkono.

Mimi ni mmoja wa wasomaji wa vitabu hivyo tangu kidato cha tatu, na sijaja hapa kumkataza mtu. Nataka tu kueleza vitabu hivi ni vya namna gani, vinafanyaje kazi ndani ya msomaji, na jinsi ya kukitambua kile kitakachokubeba. Kwa kuwa tuko Tabora, mji uliokuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mifano mingi nitaitoa hapa hapa kwetu.

Aina tatu

Kwa jumla vitabu hivi viko vya aina tatu. Aina ya kwanza ni ushuhuda na maisha ya watu: mtu anasimulia alivyoishi na Mungu, au mwingine anamsimulia. Aina ya pili ni tafakari za kila siku, yaani andiko fupi, maelezo mafupi na sala. Utaratibu huu ni wa zamani. Wamoravian wamekuwa wakichapisha kitabu cha maneno ya kila siku tangu mwaka 1731, kule Herrnhut, Ujerumani. Ni Wamoravian haohao ambao mwaka 1898 walipokea kazi ya misheni ya Urambo, hapo magharibi mwetu, kutoka kwa wamisionari wa London. Aina ya tatu ni miongozo ya maisha: fedha, uchumba, kushinda hofu, kufaulu. Kwa ninavyoona mimi, hii ya tatu ndiyo inayozunguka zaidi hosteli.

Aina zote tatu hufanya kazi kwa njia moja. Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kuunganisha jambo jipya na lile analolijua. Kitabu cha kutia moyo hufanya hivyo hivyo. Kinachukua jambo unalolijua sana, mfano hofu yako ya kesho, kinaliweka karibu na jambo la imani, halafu unaona njia ambayo jana hukuiona. Ndiyo maana kurasa kumi za kitabu kama hicho zinaweza kumwamsha mtu aliyelala siku mbili bila kuoga.

Lakini hapohapo ndipo penye hatari. Ukisoma kitabu cha saikolojia unauliza mwandishi ni nani, ushahidi wake uko wapi, wengine wanasemaje. Kitabu chenye jina la Yesu kwenye jalada hatukiulizi kitu. Tunaogopa kwamba kukihoji ni kukosa imani. Basi kinaingia moja kwa moja mpaka moyoni, kiwe chakula au kiwe sumu.

Yaliyompata mwenzangu wa chumba

Mwaka wangu wa pili, dada niliyeishi naye chumba kimoja alifiwa na baba yake. Mzee aliugua muda mrefu. Miezi yote ile binti alikuwa akisoma kitabu kimoja cha aina ya tatu. Sitakitaja jina wala mwandishi. Kitabu kilifundisha kwamba mgonjwa wa nyumba ya mwamini lazima apone kama anayeomba ana imani ya kutosha, na kwamba shaka kidogo tu inafunga mlango. Aliomba usiku, alifunga, alikariri kurasa zile. Mzee akafariki.

Aliporudi kutoka msibani alikuwa na jambo zito kuliko msiba wenyewe. Alikuwa amepiga hesabu kwa kanuni ya kitabu na kupata jibu moja tu: baba amekufa kwa sababu ya imani yangu ndogo. Hakulia mbele za watu. Aliacha kwenda darasani, akaacha kula kantini, akawa anageukia ukutani. Wiki ya tatu tulianza kuogopa, maana alianza kusema maneno ya kuaga.

Aliyemsaidia kwanza ni mlezi wa wanafunzi, mama mtu mzima, aliyekuja akakaa naye na kuhakikisha hawi peke yake. Yule mama hakubishana na kitabu. Alifungua Biblia kwenye Zaburi ya 88, zaburi ambayo tofauti na nyingine nyingi haimaliziki kwa shangwe. Inaishia gizani, na bado imo kwenye Biblia kama sala. Siku nyingine wakasoma kitabu cha Ayubu. Marafiki wa Ayubu walimwambia takribani yale ambayo kitabu kilimwambia mwenzangu: ukiteseka, basi umekosea mahali. Ila ukifika sura ya 42 utakuta Mungu anawakasirikia marafiki wale, si Ayubu, kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa. Mwenzangu aliisoma sura hiyo, akanyamaza, akairudia. Halafu akalia kwa mara ya kwanza.

Leo yuko mwaka wa tatu kama mimi na ameniruhusu kuyaandika haya. Amesema tu: waambie wasome, ila waangalie.

Kipimo kimoja

Kutokana na hayo nimejiwekea kipimo kimoja ninachokitumia kwa kila kitabu cha kutia moyo. Kabla sijakiamini kwa siku nzuri, nakiuliza: unasemaje kuhusu siku mbaya? Mtu aliyeomba na hakupata, mgonjwa aliyefariki, mwanafunzi aliyesoma kwa bidii akafeli, wamo humo ndani? Wakiwamo, wanatendewaje, kama ndugu au kama wakosaji? Kitabu kisicho na nafasi kwa watu hao kitakuacha mlangoni siku utakapokuwa mmoja wao.

Ukipima hivyo utaona kwamba vitabu na shuhuda zilizodumu zilizaliwa siku mbaya. Chukua John Bunyan, fundi wa masufuria wa Bedford, Uingereza. Alikaa gerezani miaka 12 kwa sababu ya kuhubiri bila kibali. Mwaka 1678 akatoa kitabu ambacho kwa Kiswahili kinajulikana kama Safari ya Msafiri. Ni habari ya mtu anayetembea na mzigo mgongoni, anazama topeni, anafungwa, anapoteza rafiki, na bado anasonga. Nadhani hakuna mahali kitabu hicho kinaeleweka kirahisi kama hapa Unyamwezi. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kama kilo 30 kwa mtu, miezi kadhaa, kutoka huku mpaka pwani. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa sana mzigo ni nini.

Au nenda Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, kwenye tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Wengi wetu tumepelekwa pale kwa ziara ya shule, tukaonyeshwa nyumba, tukapiga picha, tukaondoka. Kuna jambo ambalo kwa msomaji ni kubwa kuliko nyumba. Kabla ya kufika Kwihara, Livingstone alikwama Manyema, upande wa Kongo, akiwa na vidonda vya miguu, bila dawa na bila habari kutoka kwao. Aliandika kwamba akiwa Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Kusoma huko hakukuponya vidonda wala hakukuleta barua. Kulimsaidia kukaa na kungoja bila kuvunjika. Baadaye Kwihara alingoja tena, kuanzia Februari mpaka Agosti, mpaka watu wa kumsindikiza walipofika kutoka pwani.

Tusimfanye malaika, alikuwa mtu mwenye makosa yake. Na kwenye njia ileile walipita watumwa wamefungwa minyororo pamoja na pembe za ndovu. Ndiyo maana napenda zaidi habari za msomaji mwingine aliyefika Kwihara Agosti ile ya 1872, kijana Jacob Wainwright. Huyu alikuwa Mwafrika aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, moyo wake ulizikwa pale chini ya mti, na Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko. Kisha yeye, Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo, wakipitia hapa Unyanyembe. Wainwright mwenyewe alikuja kufia Urambo mwaka 1892. Mbele ya maiti, porini, watu wamechoka na wanaogopa, alikuwepo mtu mwenye kitabu na maneno ya kufaa. Hiyo ndiyo kazi ya kusoma kabla ya siku yenyewe kufika.

Wa tatu ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea udaktari Malta. Mwaka 1888 akashika njia ya misafara kutoka pwani na kufika Karema, Ziwa Tanganyika, alikohudumu kama daktari na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Aliandika mwenyewe habari za maisha yake, zikachapishwa mwaka 1946. Huo ni ushuhuda unaoanza na mnyororo shingoni. Ukiulizwa unasemaje kuhusu siku mbaya, una la kusema.

Kusoma kwa faida

Sasa basi, tufanyeje? Haya ninayoyafanya mimi si sheria, lakini yamenisaidia.

Soma kitabu pamoja na Biblia wazi pembeni. Mwandishi akitaja mstari, ufungue, usome sura yote. Mara nyingi mstari uliotumiwa kukuahidi gari ulikuwa unazungumzia jambo jingine kabisa. Kazi hii haihitaji theolojia, inahitaji dakika tano.

Soma polepole. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Shule ya Wavulana Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's hapahapa mjini, katika uzee wake alitunga upya Injili na Matendo ya Mitume kwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Mtu anayetafuta vina na mizani kwa kila mstari hawezi kuruka hata neno moja. Sisi si washairi, lakini tunaweza kuchukua ukurasa mmoja na kuuandika kwa maneno yetu kwenye daftari. Ukishindwa kuuandika, hujauelewa. Ni sauti nzuri tu imepita.

Usisome peke yako mambo mazito. Kitabu kinachogusa ugonjwa, ndoa au fedha, kizungumze na mtu mzima unayemwamini: mchungaji, padri, katekista, mlezi, shangazi. Kitabu kinachokuambia usiwasikilize wote hao ila mwandishi tu, kirudishe kilikotoka. Na kikikuambia uache dawa, ada au mtihani kama dalili ya imani, usikirudishe, maana mwingine atakiokota.

Tena, kitabu kizuri hukusukuma kwenye kazi. Baada ya sura unatakiwa ujue la kufanya kesho asubuhi: kuomba msamaha, kwenda maktaba, kumpigia mama simu, kumtembelea mgonjwa. Kama umesoma vitabu vitano na kilichoongezeka ni msisimko peke yake, pumzika kidogo.

Vitabu vyenyewe havipatikani mbali. Hapa Kipalapala kuna wachapaji wa TMP, na vitabu vingi vya Kikatoliki vya Kiswahili, vya sala na vya mafundisho, vimetokea huko. Angalia kurasa za mwanzo utaona jina la Tabora. Madhehebu mengine nayo yana maduka yao ya vitabu. Usione aibu kusoma cha dhehebu lisilo lako, ila kipime kwa kipimo kilekile.

Sisi wa ualimu tuna sababu ya ziada. Mwakani tutasimama mbele ya wanafunzi, wengine yatima, wengine wagonjwa, wengine hawajala tangu jana. Watatuuliza vitabu vya kusoma, nao watatuamini kama sisi tulivyoviamini majalada. Mtoto aliyefiwa akija ofisini kwako na kusema, mwalimu, niazime kitabu, utamwazima kipi? Anza kukitafuta sasa.