Nimejichora mwenyewe, hebu niambie ukweli!

Msomaji wangu, kama hujui rafiki yupi mkweli na yupi anakuvika kilemba cha ukoka, dawa ni moja tu: jichore. Chora sura yako kwenye tableti, halafu waonyeshe watu. Utawajua wote!

Mimi nilijichora mwezi uliopita. Kioo mbele, dirisha kushoto, jua la saa kumi jioni. Siku ya nne ikafika ile hali wanayoijua wachoraji wote: jicho limezoea, haliambii tena kipi kizuri na kipi kibovu. Hapo lazima uazime macho ya watu.

Nikaanzia kijiweni. Wa kwanza: "Ebwana, bomba!" Wa pili: "Kali hiyo!" Wa tatu akataka kujua lini nitamchora na yeye, tena bure. Raha nilipata, nisiseme uongo. Lakini "bomba" haikuambii kama kivuli cha shingo kimekaa sawa.

Wa nne ndiye aliyenigusa. "Mbona umejiacha mweusi hivyo? Jing'arishe kidogo bwana, na hilo kovu la kwenye nyusi ulifute."

Jamani! Mimi mweusi, na kovu ninalo. Kwenye tableti kumng'arisha mtu ni kusogeza kidole tu, na simu nyingi zina kichujio cha urembo kinachofanya hivyo. Mimi nakiita mkorogo wa kompyuta.

MAMBO HAYA YA ZAMANI

Na wala hayakuanza na simu. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, maarufu kwa jina la "Shirley". Mashine ikishapangwa kwa ngozi yake, mtu mweusi anatoka meno na macho tu. Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali miaka ya 1990.

Wapo waliojibu kwa brashi. Mmarekani Kerry James Marshall, tangu picha yake ya mwaka 1980 iliyomwonyesha msanii kama kivuli cheusi, amekuwa akichora watu weusi tii, tena kwa nyeusi za aina mbalimbali, na ukisogea karibu unaiona sura yote.

Siri ni hii: ngozi nyeusi haichorwi kwa kumwaga nyeusi tupu. Ukifanya hivyo uso unageuka mkaa. Kivuli kitafute kwenye hudhurungi nzito, wekundu wa udongo au zambarau. Mng'ao wa paji, pua na mdomo wa chini uache uonekane, maana ngozi yetu inarudisha mwanga vizuri. Ukiwa dirishani, mng'ao huo unaweza kuwa na ubuluu kidogo. Chini ya kidevu nako kuna mwanga hafifu unaorudi kutoka kwenye shati. Na kivuli kipe leya yake peke yake, ili ukikosolewa urekebishe bila kuigusa ngozi.

ULIZA HIVI

Ukitaka maoni ya maana, usiulize "umeipenda?" Hilo ni swali la kuombea sifa. Uliza haya:

Mosi, "Mwanga unatoka wapi?" Akionyesha upande ule ule bila kusita, kivuli chako kinasema kweli. Watu watatu wakitaja pande tatu, kazi bado.

Pili, "Jicho lako limetua wapi kwanza?" Akitaja kifungo cha shati, ujue umekitilia madoido kuliko macho.

Tatu, "Nini hakifanani na mimi?" Swali hili mpelekee anayekujua kweli. Kinyozi wangu hakutazama pua wala mdomo, alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa nywele. Na kumbuka, sura ya kwenye kioo imegeuka kushoto kulia. Wewe unaiona yako, wenzako wanaona kuna kitu kimekaa upande. Igeuze kwanza ndipo uwaonyeshe.

Mama yangu hajawahi kushika brashi. Aliitazama kimya, kisha akasema: "Ukifuta hilo kovu, huyo si mwanangu tena." Kovu limebaki, na weusi wangu umebaki.

Kwa hiyo rafiki, chuja maoni. Kuna yanayohusu picha, na kuna yanayokuhusu wewe. Mtu akisema kivuli hakijakaa, kaa chini umsikilize, hata kama inauma. Akisema ubadili ngozi, mwambie asante, kisha endelea kuchora.