Maji Yanayopita Pembeni: Umwagiliaji wa Vyungu vya Kuning'iniza

Mwenye vyungu vya kuning'iniza hukosea pale pale anapodhani amemaliza kazi. Anamimina maji, anayaona yakichuruzika chini, anaridhika na kuhamia chungu kinachofuata. Kesho yake mchana majani yamelala. Anaongeza maji, yanachuruzika tena, na baada ya wiki mbili anamlaumu aliyemuuzia mche. Maji yaliyotoka chini yanathibitisha jambo moja tu, kwamba yamepata pa kutokea. Kama yamepita ndani ya udongo au kando yake, hilo ni swali jingine.

Udongo wa vyungu hivi huwa mwepesi kwa makusudi, maana hakuna anayetaka kutundika jiwe barazani. Kwa kawaida ni mchanganyiko wa vumbi la makumbi ya nazi, samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Ule unaoagizwa nje mara nyingi huwa na piti. Ukikauka kupita kiasi, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza unasinyaa na kuachana na ukuta wa chungu, ukabaki ufa mwembamba kuzunguka pande zote. Pili, chembe zake, hasa za piti, huanza kuyakataa maji, tone likabaki juu limejiviringa kama lililoangukia jani la mgomba. Hapo lita nzima inaweza kupitia ufani na kutoka chini kwa sekunde chache, huku katikati penye mizizi pakiwa pakavu kabisa. Chomeka kijiti hadi katikati ukichomoe. Kikitoka kisafi na kikavu, ulikuwa unamwagilia sakafu.

Chungu kilichofikia hapo hakiponi kwa kumiminiwa. Kitungue, kizamishe kwenye ndoo au beseni hadi maji yakaribie ukingo wa udongo, kisha ukiache. Viputo vitapanda kwa fujo, halafu kimoja kimoja, halafu vitakoma. Nusu saa kwa kawaida inatosha. Kitoe, kiache kichuruzike juu ya beseni hilo hilo, ndipo ukirudishe mahali pake. Kama hakitunguliki, upe mmea kikombe kimoja cha maji, subiri dakika kumi udongo ulainike na kuvimba, kisha uupe maji yake kamili. Kumwagilia mara mbili kwa kupumzika kunashinda kumwagilia mara moja kwa wingi, hata pale udongo usipokuwa na tatizo.

Kujua saa ya kumwagilia, uamini mkono kuliko kalenda. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na chungu cha kawaida hupoteza kiasi cha kutosha kuonekana kwa mkono. Weka kiganja chini yake ukiinue kidogo kikiwa kimetoka kushiba, ukiinue tena kesho yake. Baada ya siku chache utakuwa unajua kila kimoja kwa kukigusa unapopita. Kidole kilichochomekwa juu hupima sentimeta mbili za juu tu, na hizo ndizo hukauka mapema kuliko zote.

Kiu ya vyungu hivi inatokana na mahali vilipo. Chungu cha ardhini kina upande mmoja uliohifadhiwa, ila hiki kimezungukwa na hewa juu, chini na ubavuni. Pwani yetu upepo haupumziki. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto lenyewe linatosha kukausha. Wakati wa kusi baraza inayotazama kusini-mashariki hukauka hata siku ya mawingu, na watu hushangaa kwa nini mimea inanyauka katika miezi ya ubaridi. Mvua nayo usiitegemee. Vyungu vilivyo chini ya upenu havipati kitu, na vile vilivyo wazi, kama mmea umefunga majani vizuri, mvua humwagika nje ya ukingo kama inavyomwagika kwenye mwavuli. Nimekuta kangaga kavu katikati ya masika.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa umwagiliaji unafanyika dukani, unapochagua chungu. Chungu cha umbo la nusu tufe chenye kipenyo cha sentimeta 25 hubeba lita 4 hivi za udongo. Cha sentimeta 35 hubeba lita 11. Umeongeza sentimeta kumi tu, udongo umekaribia mara tatu, ilhali eneo linalopigwa na upepo limeongezeka mara mbili tu. Hicho kikubwa hukausha kila lita yake polepole zaidi, na kinakuachia nafasi ya kusahau siku moja. Kile kidogo cha plastiki chenye nanaa, kinachopendeza sana dirishani mwa jiko, kitakudai maji asubuhi na jioni ukiwa msimu wa joto. Vikapu vya waya vilivyotandazwa nyuzi za makumbi hukauka haraka kuliko vyote. Vitandike nailoni kwa ndani, uitoboe chini. Na uache desturi ya kuweka kokoto chini eti maji yapate kutoka. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye nafasi kubwa za kokoto; yanabaki yamening'inia juu ya mpaka wake. Unakuwa umepunguza kina cha udongo na kuongeza uzito bila faida.

Tuje kwenye vifaa, ambako fedha nyingi hupotea.

Keni ya lita kumi, ile ya bustani ya mchicha, haifai hapa. Ikijaa ina kilo kumi, na kuziinua kilo kumi juu ya kichwa ukiwa umesimama kwenye stuli ni kutafuta kwenda hospitali. Kwa chungu kilicho usawa wa kifua au uso, tafuta keni ya lita moja na nusu hadi mbili yenye mdomo mrefu na mwembamba, unaoanzia chini kabisa ya tumbo lake. Urefu wa mdomo hukuwezesha kupenya kati ya majani hadi kwenye udongo bila kuinamisha keni nzima. Mzani wa keni za namna hii una historia ya bahari yetu: John Haws, Mwingereza aliyekuwa akikuza vanila Mauritius, alichoshwa na keni za wakati wake, akabuni nyingine na kuisajili kwa hataza mwaka 1886. Huna haja ya kuagiza ya kwake. Fundi bati mzuri atakuundia ukimchorea, mradi umsisitizie kwamba ncha ya mdomo isiwe chini ya ukingo wa keni, la sivyo maji yatamwagika kabla hujaijaza.

Mpira wa maji unafaa kwa mwenye vyungu vingi, kwa masharti mawili. La kwanza ni kasi. Chukua chupa tupu ya lita moja na nusu uijaze kwa mpira wako. Ikijaa kwa sekunde sita, unatoa lita 15 kwa dakika, na hakuna udongo wa chungu unaoweza kunywa kwa kasi hiyo. Utachimba shimo, uanike mizizi. Punguza kwenye koki hadi chupa ichukue nusu dakika au zaidi. La pili ni maji ya kwanza. Mpira uliolala juani hupasha maji hadi yakauchoma mkono. Yaache yamwagike pembeni, au kwenye ndoo ya kudekia, mpaka yapoe.

Kwa vyungu vya juu, watu hununua fimbo ya kumwagilia, lile bomba refu lenye kichwa cha matundu na koki mkononi. Ni kifaa kizuri, ila fanya hesabu ya presha kabla ya kulipa. Kila mita kumi za kimo cha maji hutoa presha ya baa moja. Nyumba zetu nyingi zinatumia tangi, na kama tangi lako liko juu ya mnara wa mita tatu na chungu kinaning'inia mita mbili na nusu, kinachosukuma maji ni nusu mita ile iliyobaki pamoja na kina cha maji yaliyomo tangini. Hapo bastola za kumwagilia zenye mitindo saba ya kunyunyiza, zilizokusudiwa presha kubwa, hutoa mate tu. Chukua kichwa chenye matundu makubwa, au mwambie fundi bomba akukatie mita moja ya bomba la plastiki la nusu inchi, aweke koki mwanzoni na elbo mbili mwishoni, mdomo uangalie chini. Litamwagilia vizuri kuliko lile la dukani, hata kama halipendezi.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote kwa wakazi wa ghorofani ni bomba la kupulizia la lita tano, la kupampu kwa mkono. Tangi lake linabaki sakafuni, fimbo peke yake ndiyo inayopanda. Fungua nozeli ya ncha, maji yatoke kama uzi badala ya ukungu, uyaelekeze kwenye udongo. Yanatoka polepole, hayarukii nguo za jirani wa chini, na hayahitaji presha ya mtu yeyote. Sharti ni kulinunua jipya na kulitenga kwa kazi hiyo. Bomba lililowahi kutiwa kiuagugu usilikaribishe, hata kama limeoshwa mara ngapi. Mabaki kidogo tu yanatosha kupotosha majani machanga.

Na pale chungu kilipo juu kupita kiasi, kishushe chenyewe. Kapi ndogo ya duka la vifaa vya ujenzi, kamba ya nailoni na chuma cha kufungia ukutani vinatosha. Mabaharia wa majahazi wamepandisha matanga mazito kwa kapi; chungu cha kilo nane hakiwezi kushindikana. Faida yake ni kwamba unaona udongo, unaondoa majani makavu na kupima uzito kwa wakati mmoja. Kulabu ifungwe kwenye zege au boriti kwa fisha inayostahili, kamwe isiwe kwenye dari ya jipsamu.

Asubuhi ndiyo saa bora, kwa kuwa mmea unaingia juani ukiwa umeshiba. Hofu kwamba matone ya mchana huunguza majani kwa kukusanya miali ya jua imetiwa chumvi. Watafiti wa Hungary waliolipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2010 waliona kwamba kwenye majani laini tone haliunguzi. Hatari iko kwenye majani yenye vinywele, vinavyoliinua tone juu ya ngozi ya jani. Urujuani wa Usambara, mmea wetu uliokwenda Ulaya miaka ya 1890 na kurudi ukiwa pambo la madirishani, ni wa kundi hilo, na maji baridi pekee huyatia majani yake madoa. Huo unyweshe kutoka chini, kwa beseni.

Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo Dar es Salaam hayakwepeki, huacha utando mweupe ukingoni na ncha za majani zikaungua rangi ya kahawia. Kila mwezi suuza udongo kwa maji ya mvua, mengi, yapite kabisa. Maji ya kiyoyozi nayo hayana chumvi na yanafaa kwa maua; kwa nanaa na rehani utakayokula, yaache. Visahani vilivyobanwa chini ya vyungu vimwage walau mara moja kwa wiki, maana mbu wa dengi huzaliana humo humo, juu ya vichwa vya watu, pasipoonekana.

Ukisafiri siku tatu au nne, tungua vyote, vipange pamoja sakafuni kivulini, vimeshazamishwa na kuchuruzika, mahali ambapo upepo haufiki. Chupa iliyotobolewa kizibo na kupinduliwa kwenye udongo inaweza kuisha usiku wa kwanza. Ukitaka kuitumia, ijaribu wiki moja kabla ukiwa nyumbani.