Makaa Yanayojipasha Moto Yenyewe
Sehemu ya pili: Kuisoma kaboni monoksaidi mgodini

Katika sehemu ya kwanza tulieleza methani, gesi iliyofungiwa ndani ya makaa ya mawe tangu yalipofanyika, ambayo hutoka mara tu mwamba unapovunjwa. Kaboni monoksaidi ni gesi ya tabia nyingine. Nyingi haikuwamo ndani ya makaa kabla ya mchimbaji kufika. Huzaliwa makaa yanapokutana na hewa. Kwa sababu hiyo, kiasi chake kinatupa habari za mahali ambapo hakuna mtu awezaye kwenda kupatazama. Naamini kila mchimbaji, hata asiyewahi kuketi katika darasa la kemia, ana haki ya kuambiwa habari hizo kabla hajashuka.

Makaa ya mawe huanza kula oksijeni dakika ile ile yanapopasuliwa. Hayangoji kiberiti. Oksijeni hunata juu ya uso wa makaa na ndani ya vitundu vyake, kisha huungana na kaboni iliyopo hapo. Yatokanayo ni maji, hewa ukaa, kaboni monoksaidi kidogo, na joto. Upepo ukipita vizuri, joto hilo huchukuliwa na makaa hayabadiliki. Hewa isipofika kabisa, kazi yote husimama. Hatari iko katikati ya hali hizo mbili: hewa inayopenya polepole, ambayo inatosha kuyalisha makaa lakini haitoshi kuyapoza. Mkulima aliyewahi kutia mkono ndani ya lundo la mboji anajua jinsi joto dogo lililokosa njia linavyojikusanya. Katika makaa, joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, kasi ya kula oksijeni hukaribia kuwa maradufu. Kasi hiyo huzalisha joto zaidi, nalo huongeza kasi, hadi unazuka moto ambao hakuna aliyeuwasha.

Mahali panapofaa sana kwa balaa hili ni vyumba vilivyokwisha kuchimbwa na kuachwa. Dari limeporomoka, makaa yaliyosalia yamevunjika vipande vidogo, hewa inavuja kidogo kidogo kupitia kifusi, na hakuna anayeruhusiwa kuingia. Makaa machanga, kama lignaiti, hujipasha upesi kuliko yale yaliyokomaa. Hata hivyo aina zilizosifiwa kuwa tulivu nazo zimeua watu, kama tutakavyoona.

Wengi wetu tunaijua gesi hii kwa njia ya msiba: ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Haina rangi wala harufu, na uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, kwa hiyo huchanganyika nayo kila pembe. Ikifika mapafuni huingia katika damu, na himoglobini huishika kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoishikia oksijeni. Ikiwa katika kila sehemu milioni za hewa kuna sehemu 200 za gesi hii, kichwa huanza kuuma baada ya saa chache. Zikifika 1,600, mtu anaweza kufa ndani ya saa mbili. Ikizidi asilimia 1, dakika chache zinatosha. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba akili ya mtu hupungua kabla yeye mwenyewe hajatambua, hivyo uamuzi wa kutoka unamponyoka wakati bado angeweza kutoka.

Mwaka 1896 mlipuko uliua watu 57 katika mgodi wa Tylorstown, Wales. Mtaalamu wa fiziolojia John Scott Haldane aliichunguza miili yao na kukuta kwamba wengi hawakuuawa na kishindo wala miali. Waliuawa na kaboni monoksaidi iliyoenea baada ya mlipuko. Ngozi zao zilikuwa na wekundu angavu ambao gesi hiyo huupa damu. Haldane ndiye aliyependekeza wachimbaji washuke na wanyama wadogo, ambao miili yao hutumia hewa kwa kasi na kwa hiyo huzidiwa kabla ya binadamu. Ndipo ndege aina ya kanari walipopata kazi katika migodi ya Uingereza, na hawakuanza kuondolewa hadi mwaka 1986, vilipokuja vipima-gesi vya elektroniki.

Lakini kanari hueleza tu kwamba gesi imeshafika alipo. Swali kubwa la usalama ni lingine: je, kule nyuma ya kifusi makaa yanapata moto, na tangu lini? Hapa hesabu inahitajika, nami namwomba msomaji avumilie kidogo.

Tuseme hewa inayotoka katika eneo fulani la mgodi inapita kwa kasi ya mita za ujazo 20 kila sekunde, na kipimo kinaonyesha sehemu 10 kwa milioni. Hizo ni lita 12 za kaboni monoksaidi kwa dakika. Sasa mkuu wa mgodi anaongeza upepo mara mbili. Kipimo kinashuka hadi 5, na watu wanapumua kwa faraja. Lakini lita ni zile zile 12, na makaa yanaendelea kuungua kama jana. Ndiyo maana namba ya kipima-gesi peke yake haitoshi. Lazima izidishwe na wingi wa hewa, kisha jibu lipangwe siku kwa siku ili mwelekeo wake uonekane.

Njia ya pili ilitolewa na Ivon Graham, mkemia wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye alilinganisha kaboni monoksaidi iliyoongezeka na oksijeni iliyopungua katika hewa ile ile. Hewa safi ikichanganyika hupunguza vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo uwiano wake haubadiliki. Katika migodi mingi uwiano ulio chini ya asilimia 0.4 huhesabiwa kuwa wa kawaida. Ukipita 1 pana makaa yanayopata joto, ukipita 2 hali ni mbaya, na kwenye 3 moto unadhaniwa kuwapo. Kila mgodi una mipaka yake, na pale oksijeni inapokuwa imepungua kidogo mno uwiano huu hauaminiki. Kwa sababu hiyo wataalamu hutazama pia haidrojeni na ethilini, ambazo huonekana makaa yanapozidi kupata moto.

Vipimo vya namna hii vilikuwapo Moura, mji wa makaa ya mawe katika jimbo la Queensland, Australia. Mwaka 1975 watu 13 walikufa katika mgodi jirani wa Kianga, katika mlipuko uliowashwa na makaa yaliyojipasha yenyewe. Mwaka 1986 wengine 12 walikufa katika mgodi wa Moura Namba 4. Mwaka 1994 katika Namba 2 palikuwa na eneo lililoitwa 512, ambako uchimbaji ulikuwa unafikia mwisho. Kaboni monoksaidi ilikuwa ikipanda, na kwa nyakati tofauti baadhi ya watu walinusa harufu ya lami. Kila mmoja alishika kipande chake cha habari, na hakuna aliyeviunganisha. Makaa ya pale yalidhaniwa kuwa mazito kujiwasha, tena ilisadikiwa kwamba eneo lingemalizwa kabla hayajapata muda wa kufanya hivyo.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 7 Agosti, eneo la 512 lilizibwa kwa kuta. Kuziba ni dawa ya kweli, maana moto uliokosa oksijeni hufa. Ila haufi papo hapo, na wakati huo methani inaendelea kujaa nyuma ya kuta. Inapofika kati ya asilimia 5 na 15, huku oksijeni ingalipo, inatafuta cheche tu, na makaa yenye moto yako pale pale. Saa hizo mtu hapaswi kuwa chini. Usiku wa Jumapili hiyo zamu ilishuka kama kawaida, na saa 5:35 mgodi ukalipuka. Watu 21 walikuwa chini. 10 walitoka, 11 hawakutoka. Tarehe 9 ulitokea mlipuko wa pili wenye nguvu zaidi, waokoaji hawakuweza kuingia, na mgodi ukafungwa na miili ikiwa humo.

Baraza la uchunguzi lilisema wazi kwamba makaa yaliachwa yapate moto, dalili hazikukusanywa wala kupimwa pamoja kwa muda mrefu, na watu hawakuondolewa mgodini wakati mlipuko ulipowezekana. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo zito kupita yote, kwa sababu halikuhitaji chombo kipya wala fedha. Lilihitaji mtu mmoja mwenye mamlaka aseme zamu isishuke, na liwe limeandikwa mapema ni namba gani inayomlazimu kusema hivyo.

Queensland iliandika upya sheria yake ya migodi ya makaa mwaka 1999. Vifaa vya kujiokolea navyo vilibadilishwa: vile vya zamani vilichuja kaboni monoksaidi tu na kumwacha mtu apumue hewa ambayo huenda haina oksijeni, lakini vya sasa hubeba oksijeni yake.

Mgodi wetu wa chini ya ardhi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China, unahusika moja kwa moja na maelezo haya endapo wachimbaji watashuka tena humo kwa wingi. Ngaka, mkoani Ruvuma, uchimbaji ni wa shimo la wazi, na upepo hupeperusha gesi. Lakini makaa hayaachi kula oksijeni kwa kuwa yametoka ardhini. Yakilundikwa hujipasha, na yakimwagwa ndani ya tumbo la meli katika bandari ya Mtwara hugeuza nafasi hiyo iliyofunikwa kuwa mahali pasipo na oksijeni na penye kaboni monoksaidi. Kanuni za kimataifa za shehena zinakataza kupakia makaa yaliyozidi nyuzi 55 za Selsiasi, na zinadai hewa ipimwe kabla baharia au mpakizi hajaingia humo na hata katika vyumba vya jirani. Vijana wanaofanya kazi hiyo gatini wanapaswa kuonyeshwa kipimo hicho wakisome wenyewe kabla ya kushika ngazi.

Juma lijalo tutaangalia vumbi la makaa, ambalo katika milipuko mingi ndilo lililobeba moto kutoka chumba kimoja hadi mgodi mzima.