KAMERA INAYOONA JOTO: KAZI YAKE NA MPAKA WAKE

Mkulima wa Moiben, kila unapopapasa kiwele cha ng'ombe wako kabla ya kumkamua, mkono wako wafanya kazi ya uganga. Ukisikia robo moja ina joto kuliko zile tatu nyingine, wajua hapo pana shida. Siku hizi kiko chombo kifanyacho kazi hiyo bila kugusa. Chaitwa kamera ya joto, na nyingine ni ndogo, hubandikwa kwenye simu. Yafaa ukifahamu, maana chaweza kukusaidia, na pia mtu mjanja aweza kukudanganya nacho.

Kila kitu chenye joto hutoa miali. Keti karibu na jiko la makaa: hata wekundu ukiisha, bado wasikia joto usoni. Miali hiyo isiyoonekana kwa macho huitwa infraredi. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1800 na William Herschel, mtaalamu wa nyota. Alipitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembetatu, ukatoa rangi kama za upinde wa mvua. Kisha akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali palipoonekana patupu, nacho kikapanda.

Bila shaka wakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, tulivyopimwa kwenye paji la uso milangoni. Kile kipimo na kamera hii ni ndugu. Kipimo hupima mahali pamoja. Kamera hupima maelfu ya mahali kwa mara moja, ikachora picha ambayo rangi zake zaonyesha penye joto na penye baridi.

Waganga huitumia kutazama jinsi damu inavyofika mikononi na miguuni, na jinsi ngozi ilivyoungua. Mgonjwa wa kisukari aweza kupoteza hisia miguuni, asijue anaumia. Sehemu moja ya mguu ikizidi sehemu kama hiyo ya mguu wa pili kwa nyuzi 2.2 za Selsiasi au zaidi, na hali hiyo ikiendelea, ni onyo kwamba kidonda chaweza kutokea. Waganga wa mifugo nao hutafuta kwa kamera hii uvimbe wa kiwele na maumivu ya miguu.

Sasa shika sana mambo haya matatu:

1. Kamera huona joto la ngozi tu. Haioni ndani ya mwili.

2. Haitaji jina la ugonjwa. Ndigana kali iletwayo na kupe humtia ng'ombe homa, lakini magonjwa mengine pia huleta homa, na dawa zao si moja. Kipimajoto cha kutiwa nyuma bado ndicho cha kuaminiwa.

3. Jua, upepo na maji huipotosha. Ng'ombe aliyetoka juani ataonekana ana joto, na aliyenyeshewa ataonekana baridi. Mpime kivulini, akiwa mkavu na ametulia.

Hatari kubwa iko kwa kina mama. Mwaka 1956 daktari Ray Lawson wa Kanada aliona kwamba ngozi ya titi lenye saratani huweza kuwa na joto zaidi. Watu wakatumaini sana. Lakini saratani nyingine hazionyeshi joto lolote, na wakuu wa dawa wa Marekani wameonya kwamba kamera hii haiwezi kushika mahali pa picha ya eksirei ya matiti. Basi, mtu akija sokoni na kamera yake akasema, "Mama, u mzima, nenda nyumbani," usimwamini. Ukisikia uvimbe, nenda zahanati hima. Ikibidi utapelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret.

Na ng'ombe akionyesha joto lisilo la kawaida, mwite afisa wa mifugo siku iyo hiyo. Kamera yaonyesha mahali pa kutazama. Kutambua ugonjwa na kutoa dawa ni kazi ya mganga.