MGONJWA MWENYEWE AULIZWE

Ndugu wafanyakazi,

Mwenzetu mmoja wa kiwandani, hapa Bujumbura, alikatwa mkono na mashine. Daktari alishona kidonda, kikafunga. Karatasi ikaandikwa: amepona, arudi kazini. Lakini vidole havikuweza tena kushika nyundo, na usiku maumivu yalimnyima usingizi. Tulipokwenda kumtetea tulionyeshwa ile karatasi, nasi hatukuwa na karatasi yetu ya kujibu. Kwa hiyo leo tunaeleza jambo ambalo wataalamu wa afya wanalishughulikia: kupima tiba kwa kumwuliza aliyetibiwa.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni kile anachokiona daktari kwa macho na kwa vyombo vyake: kidonda kimefunga, homa imeshuka. Cha pili ni kile anachokijua mgonjwa peke yake: anaumwa kiasi gani, analala au halali, anaweza kazi, moyo wake umetulia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tutoe mfano wa nchini mwetu. Mwaka 2010 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha Urumuri huko Gitega kuwatibu wanawake wenye fistula, tundu linalotokea baada ya uchungu wa kuzaa wa muda mrefu pasipo msaada. Tundu linaweza kushonwa likaziba, na bado mkojo ukavuja. Kwa kipimo cha kwanza mama huyo amepona. Mwulize mwenyewe, atakwambia anaona haya kukaa na wenzake. Ndiyo sababu Uganda watafiti walitunga maswali ya kuwauliza wanawake waliopasuliwa kama wamerudi kweli katika maisha, kazini na kati ya jamaa.

Huko huko Uganda, mjini Kampala, kuna Chama cha Afrika cha Tiba ya Kupunguza Maumivu. Chama hicho kilitengeneza kipimo cha maswali kumi: saba kwa mgonjwa, matatu kwa anayemwuguza. Anaulizwa juu ya siku tatu zilizopita. Asiyejua kusoma hujibu kwa mkono. Akiulizwa maumivu, ngumi ni sifuri, hakuna maumivu. Vidole vitano ni maumivu yaliyozidi kabisa. Hakuna asiyeweza kuhesabu hivyo.

Jambo hili ni zito zaidi kwa vijana, kwa sababu wakubwa huzoea kusema badala yao. Katika nchi za Ulaya na Amerika kuna ubishi mkubwa juu ya tiba ya vijana wasiojisikia kuwa wa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Mwaka 2024 ripoti ya daktari Hilary Cass wa Uingereza ilisema ushahidi juu ya tiba hiyo ni dhaifu, na kwamba vijana hawakufuatiliwa vya kutosha. Huko Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster wametunga maswali ya kuwauliza wenyewe wanaopata tiba hiyo. Kila mtu ana maoni yake juu ya tiba yenyewe. Sisi tunasema hivi: aliyetibiwa asipoulizwa, wanaobishana hawatajua kama alisaidiwa au aliumizwa.

Lakini kuuliza kuna kanuni zake. Maswali yaulizwe kabla ya tiba na baada yake, tena yale yale, ili tofauti ionekane. Yawe katika lugha ya mgonjwa, Kirundi au Kiswahili, si Kifaransa asichokielewa. Aulizwe faraghani, msimamizi akisimama mlangoni, mgonjwa atasema amepona kwa kuogopa kufukuzwa. Na jibu liandikwe, kwa maana neno lisiloandikwa halina nguvu mbele ya karatasi.

Ndugu wa viwandani na wa mashamba ya chai, tunaomba kila kamati ianze sasa. Mwenzenu akiumia, mwulizeni kila juma: maumivu ni vidole vingapi? Umelala? Unaweza kushika chombo cha kazi? Andikeni jibu na tarehe, naye akikubali atie kidole. Daktari naye mpeni nakala, maana yeye si adui yetu. Hiyo itamsaidia kutibu.

Siku tutakapoonyeshwa tena karatasi inayosema amepona, nasi tuwe na karatasi yetu mkononi.