Baji ni ya mutu, haiko ya gari

Ndugu musomaji, umekwisha kupanda nyuma ya kamionete pamoja na kwaya, mukitoka kuzika mutu? Basi unajua namna inakuwa: wamama wanakaa chini katikati, vijana wanakaa pembeni wakishika chuma, ngoma inawekwa mu kona, na vumbi inakula macho. Siku moja tulitoka vile ku kilio, watu kumi na wane nyuma, karibu saa kumi na moja ya jioni. Mwenye gari alikuwa muzee wa kanisa yetu, mutu mwema, fundi mu garaje ya kampani moja ya mine. Barabara ya watu wote ilikuwa imeharibika na mvua. Muzee akasema: "Tupite mu njia ya kampani. Kisha dakika makumi mbili tuko ku nyumba."

Ku bariera zamu akatusimamisha. Muzee akatoa baji yake, akaionyesha ku dirisha.

"Miye minatumika humu miaka kumi na mbili. Fungua."

Zamu alikuwa kijana mudogo, angeweza kuwa mutoto wake. Akaangalia baji, akaangalia gari, akazunguka nyuma akatuangalia sisi pia.

"Baba, munisamehe. Baji ni ya mutu, haiko ya gari. Na hawa batu bote nyuma, nabo banatumika humu?"

Tukageuza. Tulifika saa tatu ya usiku, tumechafuka na matope, watoto wanalia njaa. Wengine katika kwaya walisema kama zamu alitafuta feza ya sukari. Mimi pia nilifikiri vile, ni lazima niungame. Lakini hakuomba kitu.

Kile shofere wa bene anaona

Mu parokia yetu kuna baba mumoja anayeendesha bene, yale makamio makubwa yanayotoa mawe na udongo mu shimo. Kisha ibada nikamuuliza: ni ukali wa bure, ao kuna sababu? Akanipeleka chini ya muti, akachora na kijiti mu muchanga.

Bene ya kadiri, isiyokuwa ile kubwa zaidi, inabeba tani karibu 90. Ikijaa, yenyewe pamoja na muzigo inapita tani 160. Kamionete yako ikijaa haifike tani ine. Pine ya bene inapita urefu wa mutu. Shofere anakaa juu sana, ku upande wa kushoto, na mbele yake kuna pua ndefu ya chuma. Kwa hiyo iko nafasi kubwa mbele, nyuma na zaidi ku kuume ambako macho yake hayafike. Ana vioo, na bene zingine zina kamera, lakini vumbi inafunika yote.

"Kamionete ikiwa mbali naiona," akasema. "Ikikaribia, inapotea. Hapo njo roho inaruka. Sijue kama imepita ao iko chini yangu."

Ni juu ya ile kamionete za kampani zina muti murefu wenye bendera na taa ya kuzunguka: bendera inapanda mpaka inafika mu macho ya shofere wa bene. Ni juu ya ile zina redio. Mwenye kamionete hapite bene, hakaribie, mpaka amesema mu redio na shofere amejibu. Ku mine nyingi wanaomba ubaki nyuma kwa metre 50 ao zaidi, na ni marufuku kusimamisha gari ndogo karibu na bene, hata kama imezimwa. Mbele ya kuondoka, shofere anapiga honi. Wewe unayepita mara moja, unajua honi moja maana yake ni nini, na mbili ni nini? Muzee wetu hakujua, na anatumika mu garaje ya kampani ile ile.

Yule baba akaongeza jambo ambalo sikuwaza hata siku moja. Mu shimo zingine gari zinapita ku kushoto, kinyume cha barabara zetu za Kongo ambako tunapita ku kuume. Mutu akiingia mule na mazoea ya muji, anakutana na bene uso kwa uso. Tena wanamwanga maji mu njia siku yote juu ya vumbi, na udongo unateleza sawa sabuni. Kamionete bila muzigo ni nyepesi ku nyuma; ukikanyaga freni kwa nguvu, mukia unakimbia. Kule pembeni kuna tuta la udongo la kuzuia gari isianguke. Tuta lile linapimwa kwa pine ya bene, kufika nusu yake. Na kuna saa ya kupasua mawe na baruti. Njia inafungwa, kingora kinalia, na wakubwa wanahesabu watu wote walio ndani. Wewe uliyeingia kwa kificho, nani atakuhesabu?

Njia ya nani?

Hapa watu wetu wana neno, na si neno la upuuzi. Wanasema: njia hii babu zetu walipita kwa miguu mbele ya kampani kuja. Ku Kolwezi shimo ziko karibu kabisa na nyumba. Mutu wa Musonoi hahitaji kuelezwa. Mahali pengine mine imekata njia ya shamba, ya masomo, ya hospitali, na watu wanaambiwa wazunguke. Mimi sioni kama ni haki mutu mugonjwa azunguke saa nzima kwa sababu ya ukuta wa waya. Lakini ile shauri haimalizike ku bariera, usiku, na zamu mudogo ambaye akifungua atafukuzwa kazi. Shefu wa kijiji na wazee waandike mukanda, waombe njia ingine itengenezwe, ao saa za kupita pamoja na gari ya kampani mbele, na waweke kopi ya mukanda ule.

Barabara za watu wote zinatawaliwa na sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Permi yako inatosha kule. Ndani ya waya ya mine, kampani inaongeza masharti yake: somo la njia, mukanda wa ruhusa wa mutu, na mukanda mwingine wa gari. Kamionete yako inaweza kuwa ya aina moja na ile ya kampani, hata rangi moja. Bila bendera, taa, redio na mukanda, haiko kitu kimoja.

Ninyi vijana munaotafuta permi, muangalie pia vibao vya njia za kawaida. Kibao cha muviringo chenye duara nyekundu na namba "3,5 t" hakisemi juu ya gari tupu. Muangalie uzito wa gari pamoja na muzigo wake. Kamionete nyingi za kabini mbili ziko chini ya namba ile. Lakini ukipakia mifuko ya simenti mpaka pine zinalala, usimwambie polisi kama karte roze inasema vizuri. Na watu nyuma, mu mine, hapana kabisa, hata kama ni kwaya, hata kama ni kilio.

Muzee wetu aliposikia maneno ya yule baba wa bene, alinyamaza siku mbili. Kisha akanunua chuma kirefu, mama akashona bendera nyekundu, na juma lililofuata, tukienda kuimba ku arusi, akaelekea moja kwa moja ku bariera ile ile. Zamu alikuwa yule yule kijana. Akainua macho akaangalia bendera, akacheka kidogo.

"Baba, bendera ni muzuri. Mukanda wa gari uko wapi?"

Muzee akatia gari nyuma. Safari hii wamama walianza kuimba mbele hatujafika ku njia kubwa.