Kompyuta Isomayo Picha za Mapafu

Mara nyingi picha ya eksirei hupigwa mahali pasipo na mtaalamu wa kuisoma. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliafiki programu zenye akili mnemba zitumike badala yake katika kutafuta kifua kikuu, kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Programu haitamki ugonjwa; hutoa alama tu. Kiwango cha kumhesabu mtu kuwa mshukiwa huwekwa na binadamu, na hapo ndipo penye uzito: kikipandishwa mno, wagonjwa hurudishwa nyumbani, kikishushwa mno, maabara huelemewa. Hata kovu la ugonjwa uliopona zamani huweza kuihadaa. Ndiyo maana mshukiwa hupelekwa kupimwa makohozi.